Themometa, kibunduki, loga au chipu: kifaa gani kwa mzunguko wa joto la kuku, mbuzi na ndege wa porini?

Kila mwaka miradi ya mwaka wa mwisho inapokaribia, wanafunzi wawili watatu hunigongea mlango wakiwa na swali lile lile. Wa mwaka jana alikuwa kijana mmoja mrefu, kashika daftari na bajeti ya ukurasa mmoja. Alitaka kulinganisha kuku na mbuzi: joto la mwili wa kila mmoja linavyopanda na kushuka kutwa kucha. "Dada, ninunue loga, kile kirekodi kinachojipimia chenyewe, au themometa na kile kibunduki cha homa vinatosha?" Sikumjibu. Nilimuuliza: saa tisa usiku nani atakuwa macho?

Alicheka, akidhani natania. Sikuwa natania. Kwa kazi hii, swali hilo linachagua kifaa kuliko bei.

Joto la mwili halikai mahali pamoja. Hata sisi watu, ile 37 tuliyokaririshwa tangu daktari Carl Wunderlich aitangaze huko Leipzig mwaka 1868, ni kituo cha katikati tu. Alfajiri kabla hujaamka uko chini, jioni uko juu, na tofauti yake hukaribia nyuzi moja. Wunderlich mwenyewe aliliona hilo. Waliomfuata ndio walioshika namba wakaacha maelezo. Mbuzi huenda hivyo hivyo, chini asubuhi na juu jioni, na kwa mbuzi aliyeshiba na mwenye maji tofauti hiyo mara nyingi haifiki nyuzi moja. Kuku yuko juu zaidi, karibu nyuzi 41 mchana, na usiku akiwa kwenye kichanja hushuka nyuzi moja au zaidi. Ndege wadogo hushuka zaidi ya hapo. Jürgen Aschoff, Mjerumani aliyetumia maisha yake kuchunguza saa iliyomo mwilini, alionyesha kwamba kadiri mnyama alivyo mdogo, ndivyo tofauti ya usiku na mchana inavyokuwa kubwa. Panya na komba, wanaohangaika usiku, wana kilele usiku na bonde mchana.

Sasa fikiria mtu anayepima saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi jioni, kisha anarudi nyumbani. Huyo kaona mteremko mmoja wa mlima. Bonde hajaliona, na mzunguko wenyewe ni bonde na kilele pamoja.

Jambo la pili ambalo wanafunzi hulikosea: wanauliza kifaa kipi ni "sahihi zaidi". Kwa daktari anayetafuta homa, hilo ndilo swali. Kwa mzunguko, kifaa kinachozidisha 0.3 kila mara hakina ubaya wowote, kwa sababu umbo la mstari linabaki vile vile. Kibaya ni kile kinachozidisha leo na kupunguza kesho, au kile ambacho hatua yake ni pana mno. Kama mbuzi anapanda na kushuka kwa nyuzi 0.8 na kifaa kinahesabu kwa nusu nusu, utapata ngazi ya vidato viwili, halafu utaiita mzunguko.

Themometa ya mkono na loga

Huu ndio mpambano wenyewe, na mimi nimekaa pande zote mbili.

Themometa ya kidijitali ya kuingiza njia ya haja kubwa ni rahisi, inapatikana duka lolote la dawa za mifugo, na ukiipoteza huombolezi. Kwa mbuzi na ng'ombe inatoa namba nzuri, mradi uiingize kina kile kile kila mara na uiegemeze kwenye ukuta wa utumbo badala ya kuichomeka katikati ya kinyesi. Kwa kuku unaingiza kwenye kloaka, tundu lake la nyuma. Hapo namba inayumba zaidi, maana njia ni fupi na kila anapotoka kunya joto linabadilika kidogo.

Tatizo ni kumkamata mnyama. Nikiwa msaidizi mpya tulipima mbuzi sita kila baada ya saa tatu kwa siku mbili, katika shamba moja kule Nakaseke, hapa Uganda. Mchana ilikwenda vizuri. Usiku tuliingia bandani na tochi, mbuzi wakaamka wote, mmoja akaruka ukingo, tukamfukuza mpaka tukahema wote, yeye na sisi. Tulipompima alikuwa na joto la mchana. Unadhani ni joto lake la saa sita usiku? Ni joto la kufukuzwa. Hata kwa panya wa maabara hili limejulikana tangu miaka ya 1980: ukiwatoa mmoja mmoja kwenye kizimba kimoja uwapime, wa mwisho hutoka na joto la juu kuliko wa kwanza, na hakuna anayeumwa. Wamesikia tu wenzao wakichukuliwa.

Na si mnyama tu anayeharibu. Usiku wa pili zamu ya saa tisa ilikuwa yangu. Nilikaa kwenye gunia la pumba nikasema nafumba macho kidogo. Nilipofumbua, jogoo alikuwa anawika na anga limeshapauka. Nilichofanya baadaye bado kinanitia aibu: niliandika namba zinazofanana na za saa sita, nikajiambia mbuzi hawezi kubadilika sana. Msimamizi wetu alipitisha kidole kwenye safu ya namba, akasimama, akaniangalia. "Mbuzi sita, toka saa sita hadi saa tisa, hakuna aliyebadilika hata nukta moja. Hawa ni mbuzi au ni mawe?" Tulirudia kazi yote.

Loga hailali. Ni kirekodi kidogo kinachopima chenyewe na kuhifadhi namba ndani mpaka ukitoe na kukisoma kwenye kompyuta. Kinachotumika sana ni kile cha umbo la kishikizo, iButton: chuma kinachong'aa, kipana milimita 17, kizito gramu 3.3 hivi. Ukikiweka kiganjani utadhani ni betri ya saa ya mkononi iliyonenepa. Ile aina ya DS1922L inakupa uchague: ama hatua za nyuzi 0.5 na nafasi ya vipimo 8,192, ama hatua za 0.0625 na nafasi ya vipimo 4,096. Kwa mzunguko chukua hatua ndogo bila kufikiria mara mbili. Vipimo 4,096 kila dakika 10 ni siku 28. Kila dakika 15 ni siku 42. Huhitaji kila dakika: mwili wa mbuzi hauendi mbio hivyo, na utakuwa umemaliza nafasi chini ya siku tatu.

Kiwandani wanaahidi usahihi wa nyuzi 0.5 tu juu au chini, ndiyo maana kabla ya kazi unazipima zote pamoja. Sisi huzitumbukiza ndani ya mfuko wa plastiki kwenye beseni la maji yanayokorogwa taratibu, pembeni themometa ya zebaki tunayoiamini, kwa nyuzi 36, 39, 42 na 44. Kila loga inaandikiwa makosa yake. Yangu namba saba inazidisha 0.2 popote unapoiweka, kwa hiyo natoa 0.2 na maisha yanaendelea.

Kabla ya kuingia mwilini inavikwa nta, kwa sababu chuma hicho hakikutengenezwa kukaa ndani ya damu na maji ya mwili. Tunayeyusha nta kwenye kopo juu ya sigiri, moto mdogo, tunachovya loga, tunaitoa, tunaacha ipoe mpaka weupe urudi, tunachovya tena. Mara tatu. Ukiwa na haraka unachovya nta ikiwa moto mno, tabaka linakuwa jembamba na vipovu vinabaki. Nimewahi kupoteza loga siku ya tisa kwa kipovu kimoja kisichozidi kichwa cha pini. Maji yaliingia, namba zikaisha, nikapata siku nane na nusu za kuku badala ya mwezi.

Halafu kuna upasuaji, na hapa ndipo themometa inapopata heshima yake mbele ya loga. Kuipandikiza tumboni kunahitaji daktari wa mifugo, nusukaputi, dawa ya maumivu, kibali cha kamati ya maadili, na siku kadhaa za kusubiri mnyama apone kabla hujaanza kuhesabu data. Siku za mwanzo joto huwa juu kwa sababu ya kidonda, si kwa sababu ya jua. Kisha upasuaji wa pili wa kuitoa, au kusubiri kuku achinjwe.

Kwa mbuzi jike na ng'ombe jike kuna njia ya kati ambayo mimi naipenda kuliko zote: loga inafungwa kwenye kile kifaa cha plastiki kinachowekwa ukeni wakati wa kupangilia uzazi, ila kisicho na dawa. Hakuna kisu. Unakiweka asubuhi, unakivuta baada ya wiki moja au mbili. Mzee mmoja wa Nakasongola, mstaafu wa jeshi mwenye Kiswahili kilichonyooka kama amri, alituangalia tukimwekea ng'ombe wake akauliza tunafanya nini. Nikamwambia tunapima joto. "Binti yangu, huyo hana joto. Alipandwa mwezi uliopita, ana mimba." Ilibidi tusimame tueleze joto lipi. Na tukamtoa ng'ombe huyo kwenye orodha siku ile ile, maana mwenye mimba hawekewi kitu. Mzee alituokoa bila kujua.

Kibunduki na kamera ya joto

Kila Mganda anakijua kibunduki. Wakati wa Korona kilikuwa kwenye mlango wa kila benki na kila kanisa, na Ebola ilipozuka Mubende mwaka 2022 kikatoka tena kwenye droo. Kwa hiyo wanafunzi wanakipenda: hakigusi mnyama, hakimwamshi, unakielekeza tu.

Kwa mzunguko wa joto la ndani, mimi nasema usikinunue. Kibunduki husoma mionzi inayotoka kwenye uso wa kitu. Ukikielekeza kwenye mgongo wa kuku unasoma manyoya, na manyoya yapo hapo makusudi ili joto lisitoke. Ukikielekeza kwa mbuzi aliyetoka juani unasoma jua. Hayo mengi wanayajua. Wasilolijua ni kwamba ngozi isiyo na manyoya inaweza kwenda kinyume na mwili. Kwa binadamu jioni mwili unapoanza kushusha joto la ndani, mishipa ya damu ya mikono na miguu hufunguka ili joto litoke nje. Ngozi ya vidole inapata joto wakati kifua kinapoa. Mtu anayepima vidole angechora mlima pale penye bonde. Kishungi cha nyama na miguu ya kuku ni milango ya joto ya namna hiyo hiyo, hufunguliwa na kufungwa kulingana na hali ya hewa.

Kamera ya joto ni ndugu yake mwenye hela. Inaonyesha picha nzima, unaweza kuchagua sehemu ya karibu na jicho ambako ngozi ni nyembamba, na kwa kumtazama mnyama ambaye huruhusiwi kumgusa ni msaada mkubwa. Kama swali lako ni namna kuku anavyotoa joto, badala ya joto alilonalo, hapo kamera inashinda kila kitu kilichotajwa humu. Lakini swali la kijana wangu halikuwa hilo, na bei ya kamera moja ingemeza bajeti yake yote.

Chipu, na ndege asiyebeba loga

Gramu 3.3 si kitu kwa kuku. Kwa ndege mdogo ni jiwe. Watafiti wengi hujiwekea mpaka: mzigo usizidi asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa ndege. Piga hesabu utaona loga ya kishikizo inadai ndege wa gramu 66 kwa uchache kabisa, na ukiwa mwangalifu gramu 110. Njiwa anaiweza. Kuzumburu haiwezi, maana ana gramu 50 hivi.

Nimemtaja kuzumburu kwa sababu ndiye ndege ambaye ningependa kila mtu ampime. Utamkuta kwenye bustani za Kampala na Entebbe, kahawia, mkia mrefu, akila mapapai ya watu bila haya. Usiku hujikusanya na wenzake wakaning'inia kifua kwa kifua kama kichane cha ndizi. Ukoo wao unajulikana kwa kuliacha joto la mwili lishuke sana usiku wakikosa chakula, na asubuhi hukaa wakilielekezea jua matumbo yao. Kwa mamalia mwenye tabia ya aina hiyo tafuta pimbi wa mawe: naye joto lake linacheza kuliko la wengine, na naye ni mteja wa jua la asubuhi.

Kwa ndege wa ukubwa huo kuna chipu ya joto: kijiti cha kioo kinene kama punje ya mchele, uzito wake gramu 0.1 hivi, kinachochomwa chini ya ngozi kwa sindano. Haina betri. Inaamka tu antena ya msomaji ikiikaribia, inasema namba yake na joto lake, inanyamaza. Haichoki, haiishi, na haihitaji upasuaji wa pili.

Ubaya wake upo hapo hapo: antena lazima iwe sentimita chache tu kutoka kwa ndege. Mahali ndege anapolala palepale kila siku, kwenye kiota cha sanduku au kichanja cha kizimba, unaweka antena na usiku wote unakuwa wako. Mchana akiruka humpati. Kwa maneno mengine chipu ina udhaifu ulio kinyume cha themometa ya mkono: inaliona bonde vizuri na kilele inakikosa, isipokuwa uweke antena nyingine kwenye chombo cha chakula. Na ikikaa chini ya ngozi si tumboni, joto lake liko chini kidogo ya joto la ndani na linafuata hewa zaidi.

Kumezesha, kurusha redio, kuokota kinyesi

Kwa ng'ombe kuna kidude cha kumezesha kinachokaa kwenye tumbo la kwanza na kutuma namba kwa redio. Ni kizuri kwa mwenye ng'ombe wengi anayetaka kujua nani anaumwa. Kwa mzunguko kinahitaji uvumilivu, kwanza kwa sababu tumbo hilo linachacha na huwa na joto kuliko mwili wenyewe, pili kwa sababu ng'ombe akinywa maji baridi mstari unaanguka ghafla kisha unajivuta kupanda taratibu. Yule mzee wa Nakasongola nilimwonyesha mstari wa aina hiyo kwenye simu, umejaa meno kama msumeno. Aliutazama kidogo, akaweka kidole. "Hapa wamefika kwenye bwawa. Na hapa kijana wangu amewachelewesha." Ukizitoa saa za kunywa unabaki na mzunguko, lakini unabaki pia na matobo.

Vipandikizi vya redio vya maabara, vinavyotuma namba kila dakika kwa bamba lililo chini ya kizimba, ndivyo bora kabisa kwa panya, na ndivyo vya kufikiriwa kwanza kama unataka kuthibitisha kuwa mzunguko unatoka ndani ya mwili. Neno "sirkadia", ambalo Franz Halberg alilitunga mwaka 1959, lina maana ya karibu siku moja, na ili ulitumie kwa haki lazima mnyama akae gizani au kwenye mwanga usiobadilika, bila ratiba ya chakula, na mzunguko uendelee. Banda la Nakaseke haliwezi hilo. Andika "mzunguko wa kila siku" na hakuna atakayekugombeza. Vipandikizi hivi vinataka umeme usiokatika, au betri kubwa ya akiba. Wewe unajua mtaa wako.

Kwa wanyama wa porini hesabu karatasi kwanza, kifaa baadaye. Kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, na cha Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, vyote viwili, na kumpasua mnyama wa hifadhi si jambo utakalopewa kwa mradi wa mwaka wa mwisho. Kwa sokwe kuna ujanja unaonifurahisha: wanapima kinyesi. Huko Ngogo, ndani ya msitu wa Kibale, watafiti wamechomeka kipimajoto kwenye kinyesi cha sokwe mara tu kinapoanguka na kusoma joto kabla hakijapoa. Ni joto la ndani bila kumgusa mnyama. Tatizo ni kwamba sokwe hukupa kipimo anapotaka yeye, na saa tisa usiku yuko kwenye tandiko lake juu ya mti.

Saa ya kifaa na saa ya daftari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makosa mengi ninayorekebisha hayatoki kwenye joto. Yanatoka kwenye saa.

Loga inafuata saa ya kompyuta iliyoiwasha. Kompyuta nyingi za kuazima ziko kwenye saa ya kimataifa, sisi tuko saa tatu mbele yake. Ukisahau, kilele cha mbuzi cha 18:00 kinaandikwa 15:00, nawe unaandika sura nzima ukieleza kwa nini mbuzi wa Uganda wanawahi.

Kisha kuna daftari. Msaidizi anaandika "saa 11". Kwake, na kwangu, hiyo ni saa kumi na moja. Lakini alfajiri au jioni? Na mwanafunzi aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea anaisoma 11:00, kabla ya adhuhuri. Maandishi matatu ya "saa 11" katika ukurasa mmoja yanaweza kuwa na maana tatu, na zote ni za kweli. Waganda hawana pa kukimbilia, maana Luganda nacho kinahesabu saa kama Kiswahili. Nimeona mradi mzuri kabisa wa kuku ambao bonde liliangukia mchana, na mwalimu mmoja akaanza kufikiria kama kuku hao walikuwa wagonjwa. Walikuwa wazima. Saa zilikuwa zimepishana sita.

Kwa hiyo kwenye daftari langu ninaandika namba nne tu, 05:00 au 17:00, na wa kuzungumza aendelee kuzungumza saa kumi na moja. Asubuhi ya kuwasha loga tunapiga picha skrini ya kompyuta pembeni ya simu yenye saa, picha moja, inatosha kumaliza ubishi wa miezi mitatu baadaye.

Hapa ikweta tuna bahati moja ambayo wenzetu wa Ulaya hawana. Jua linachomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima, likiyumba nusu saa hivi. Ukipima Februari na rafiki yako akapima Agosti, mchana wenu ni mmoja. Kinachobadilika ni mvua na majani, si urefu wa mchana.

Kijana alichochukua

Bajeti yake ilimwezesha loga nane. Nilimshauri mbuzi jike wanne kwa njia ya ukeni, bila kisu, na kuku wanne wa kienyeji wakubwa, kwa daktari, wiki moja ya kupona kabla ya kuhesabu. Themometa ya mkono aliinunua pia: si ya kutafutia mzunguko, ni ya kumpima kila mbuzi mara moja siku ya kwanza na mara moja ya mwisho, kuona kama loga inasema ukweli. Hatua za 0.0625, kila dakika 10. Kibunduki nilimkataza, na nadhani bado hajanisamehe.

Baada ya wiki tatu alirudi akitabasamu, laptopu imefunguliwa kabla hajaketi. Kuku walikuwa wazuri: juu mchana, wanashuka jua likizama, wanaanza kupanda kabla ya mapambazuko, kana kwamba wamelisikia linakuja. Mbuzi watatu walikuwa wanyenyekevu, wimbi dogo, kilele jioni. Wa nne ndiye aliyemfanya aje mbio.

"Dada, huyu ana mzunguko wa nyuzi kumi na nne!"

Niliangalia. Siku ya kumi na mbili, saa 16:10, mstari ulianguka kutoka 39 hadi 27, na kuanzia hapo ulikuwa unapanda adhuhuri na kushuka alfajiri, mzuri, wa mviringo, kila siku. Kwa dakika moja nilikumbuka ngamia ambao mtafiti Knut Schmidt-Nielsen aliwapima Sahara miaka ya 1950, ambao wakinyimwa maji hutoka nyuzi 34 asubuhi hadi 41 jioni, na hata hao walikuwa hawajapita nusu ya hizo kumi na nne. Nikamuuliza kijana kama alikivuta kile kifaa mwenyewe kutoka kwa mbuzi wa nne.

Akafikiri. Hapana, alisema, mchungaji alikiokota chini ya hori, akamletea kwenye mfuko wa sukari.

Loga haisemi chochote mpaka uisome, hata ikiwa imeshatoka mwilini na kulala kwenye nyasi. Kwa siku tisa ilikuwa imempimia, kwa uaminifu na kila dakika 10, joto la ardhi ya Nakaseke.